Kuongoza Vifaa kwa Mbali: Kutoka Rimoti ya Televisheni hadi Kioo cha Simu

Mtu anayetoka viwanja vya Mnazi Mmoja, akavuka Mtaa wa Lumumba na kuingia Kariakoo kwa njia ya Mtaa wa Uhuru, hatembei mwendo mrefu kabla hajakutana na meza ya rimoti. Zimelala safu kwa safu, kila moja ndani ya mfuko wake wa nailoni, na muuzaji akiulizwa bei hujibu swali kwa swali: "Televisheni gani?" Mnunuzi aghalabu hajui. Anachojua ni kwamba ni nyeusi, ya inchi 32, na kwamba ilinunuliwa mwaka ule mtoto alipoanza shule. Huchagua rimoti inayofanana na ile ya zamani, akafika nayo Buguruni au Mbagala, na hapo ndipo hutambua kwamba kufanana si kuelewana.

Tumeona vyema kuliandalia jambo hili somo zima kwa sababu mbili. Ya kwanza ni fedha ndogondogo zinazopotea kila siku kwa kununua rimoti isiyohitajika, kumlipa fundi kwa kazi ya dakika mbili, au kuitupa televisheni nzima. Ya pili ndiyo kubwa. Kuongoza kifaa kwa mbali si habari ya televisheni pekee tena. Simu iliyomo mfukoni mwako nayo huweza kuongozwa na mtu aliye mbali, usiyemjua, kwa ruhusa uliyompa mwenyewe bila kutambua. Na hapo kinachopotea si tamthilia ya saa tatu usiku, bali akiba ya mwaka.

Wataalamu wa lugha wametupatia neno kitenzambali. Ni neno zuri, lakini ukilitamka mbele ya meza ile ya Mtaa wa Uhuru utaombwa urudie. Kwa hiyo humu tutasema rimoti.

Lugha ambayo rimoti huzungumza

Rimoti za zamani hazikuwa na betri. Mwaka 1956 kampuni ya Zenith ya Chicago, Marekani, iliuza rimoti iliyobuniwa na Robert Adler ambayo ndani yake mlikuwa na vijiti vya alumini. Kitufe kilipobonyezwa, nyundo ndogo iligonga kijiti, kijiti kikatoa sauti nyembamba mno isiyosikika kwa sikio la binadamu, na televisheni ikaitii. Vituo vya televisheni vilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, rimoti za namna hiyo zilikwisha kuachwa, nasi tukaanzia kwenye rimoti za mwanga. Kisha, tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ikazimwa jijini Dar es Salaam, na king'amuzi kikaingia sebuleni kama mgeni asiyeondoka, akiwa na rimoti yake mkononi. Tangu hapo nyumba nyingi zina rimoti mbili, na sehemu kubwa ya kilio cha "televisheni imeharibika" huanzia katika kuzichanganya.

Rimoti ya kawaida ina taa ndogo kwenye pua yake. Taa hiyo hutoa mwanga wa infraredi, ambao jicho letu haliuoni, na katika rimoti nyingi mwanga huo hupepesa takriban mara 38,000 kwa sekunde. Mpangilio wa kupepesa ndio lugha yenyewe: sehemu moja hutaja kifaa kinachoitwa, sehemu nyingine hutaja kitufe kilichobonyezwa. Televisheni inayo jicho dogo jeusi, kwa kawaida chini ya kioo, linalosoma mpangilio huo. Likisikia linaitwa kwa jina lisilo lake, halijibu. Ndiyo maana rimoti iliyo nzima kabisa yaweza kuwa haina maana kwa televisheni yako, hata kama zote mbili zimebandikwa jina moja la kampuni, kwa kuwa kampuni moja hutumia mipangilio tofauti kwa matoleo tofauti.

Kwa kuwa huo ni mwanga, una tabia za mwanga. Haupiti ukutani. Unazuiwa na chombo cha maua kilichosimama mbele ya televisheni, na unazuiwa vilevile na kile kitambaa cha kufuma kinachotandikwa juu ya televisheni na ncha yake kuning'inia mbele ya jicho. Jua la mchana likipiga moja kwa moja kwenye kioo, jicho hupofuka kwa muda. Mfuko wa nailoni ambao wengi huiacha rimoti ndani yake kwa miaka hauzuii mwanga ukiwa safi, ila ukishajaa vumbi na mafuta ya mikono hupunguza nguvu yake. Tunafahamu kwamba mfuko ule umewekwa kuihifadhi mali. Basi uhifadhiwe, lakini ubadilishwe.

Kabla ya kununua nyingine

Jambo la kwanza ni kujua mgonjwa ni nani. Iendee televisheni na ubonyeze kitufe cha kuwashia kilichomo kwenye mwili wake. Televisheni nyingi za kisasa hukificha chini ya fremu au nyuma, upande mmoja. Ikiwaka na kubadilisha sauti kwa vitufe vyake, televisheni haina kosa kwa upande huo, nawe sasa uishughulikie rimoti. Isipowaka kabisa, rimoti haihusiki, na wa kuchunguzwa ni umeme, waya na soketi.

Jambo la pili ni betri. Rimoti nyingi hutumia mbili ndogo zenye alama AAA, kila moja ya volti 1.5. Dalili ya betri zilizochoka ni kwamba rimoti hufanya kazi ukiwa hatua moja kutoka kwenye televisheni, lakini si kutoka kwenye kochi. Zibadilishe zote mbili kwa pamoja, kwani betri mpya ikioanishwa na kuukuu huchoshwa na mwenzake, na ile kuukuu huweza kuvuja. Upande wa betri ulio bapa, wenye alama ya kutoa, hukaa kwenye springi. Jambo hili laonekana dogo, lakini tusione haya kulikagua mara mbili, hasa pale watoto walipoiweka betri.

Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye springi, betri imevuja. Itoe, ifute springi kwa pamba iliyoloweshwa spiriti, kisha iache ikauke kabla ya kuweka betri mpya, na unawe mikono. Hewa ya pwani yetu ina unyevu na chumvi, na springi hushika kutu hata bila betri kuvuja. Kuikwangua taratibu kwa karatasi laini ya msasa mara nyingi hutosha.

Jambo la tatu ni jaribio ambalo halina gharama, nasi tungependa kila nyumba ilijue. Fungua kamera ya simu kana kwamba unataka kupiga picha. Ielekeze pua ya rimoti kwenye kamera, bonyeza kitufe chochote, na utazame kioo cha simu. Macho yako hayauoni mwanga wa rimoti, lakini kamera nyingi huuona, na utatokea kama nukta ya zambarau au nyeupe inayopepesa. Kamera ya nyuma ya baadhi ya simu ina kichujio kinachouzuia. Usipoona kitu, jaribu kwa kamera ya mbele, ile ya kujipigia picha. Anza na rimoti unayojua kuwa ni nzima, hata ya jirani, ili uhakikishe kwamba simu yako inafaa kwa jaribio hili.

Majibu ni matatu. Ikiwa hakuna mwanga kwa kitufe chochote, na betri ni mpya, rimoti imekufa au springi hazigusi. Ikiwa baadhi ya vitufe vinatoa mwanga na vingine havitoi, tatizo ni uchafu chini ya vitufe hivyo, na rimoti hiyo yaponeka. Ikiwa vitufe vyote vinatoa mwanga na bado televisheni haijibu, basi ama jicho la televisheni limezibwa au limeharibika, ama rimoti inazungumza lugha ya televisheni nyingine. Kuna dalili ya nne, nadra lakini yenye kusumbua: mwanga unaopepesa bila kitufe kubonyezwa. Hapo kitufe kimoja kimenasa, na hicho ndicho kinachomaliza betri kila wiki.

Kuisafisha rimoti si kazi ya kuogopwa. Toa betri, ondoa skrubu kama ipo (mara nyingi hujificha chini ya betri), kisha tenganisha maganda mawili kwa kitu chembamba cha plastiki. Ndani utakuta kipande cha mpira chenye vitufe, na bamba la saketi. Chini ya kila kitufe cha mpira pana doa jeusi la kaboni linalogusa bamba. Mpira waweza kuoshwa kwa maji na sabuni kidogo na kuanikwa kivulini hadi ukauke kabisa. Bamba lifutwe kwa spiriti tu, bila kulikwangua. Rimoti iliyomwagikiwa chai au soda ifanyiwe hivyo siku ileile, na betri zitolewe papo hapo, kwa sababu sukari ikishakauka hugandisha kila kitu.

Tuigeukie televisheni. Angalia taa yake ndogo, mara nyingi nyekundu, huku ukibonyeza rimoti. Ikipepesa kila unapobonyeza, televisheni inakusikia. Kama haitii, yawezekana mtu amewasha kufuli la watoto au imezuiwa kwa mipangilio ya hoteli, jambo linalotokea kwa televisheni zilizonunuliwa zikiwa zimetumika. Na iwapo kioo kinaandika kwamba hakuna mawimbi, usikimbilie kupanda darini kugusa antena. Bonyeza kitufe cha kuchagua chanzo cha picha kwenye rimoti ya televisheni, si ya king'amuzi, na uchague tundu lilelile ambalo waya wa king'amuzi umechomekwa, kama ni HDMI 1, HDMI 2 au AV. Mtoto akikaa juu ya rimoti, jambo la kwanza linaloharibika ni mpangilio huo, na wako waliomlipa fundi nauli na ujira kwa kubonyezewa kitufe kimoja. Hatumlaumu fundi, kwani muda wake una thamani. Ila fedha ile ingebaki nyumbani.

Kuifundisha rimoti mpya

Iwapo rimoti imekufa kweli, usiende Kariakoo mikono mitupu. Chukua ile iliyokufa, na upige picha ya lebo iliyoko nyuma ya televisheni inayoonyesha namba ya toleo. Namba hiyo ndiyo jibu la "Televisheni gani?" Ukikosa rimoti ya toleo lako, zipo rimoti zinazokubali televisheni za kampuni nyingi. Hizo huunganishwa kwa njia tatu, na maelekezo yaliyomo kwenye boksi lake yana kauli ya mwisho, kwani vitufe hutofautiana.

Njia ya kwanza ni ya namba. Washa televisheni kwa kitufe chake, shikilia kitufe cha SET cha rimoti hadi taa yake ibaki ikiwaka, kisha andika namba ya kampuni ya televisheni yako kutoka kwenye karatasi iliyoambatanishwa. Kila kampuni huwa na namba kadhaa. Usiridhike na namba ya kwanza inayozima televisheni. Jaribu sauti, jaribu menyu, jaribu chanzo cha picha. Namba inayotawala vitufe viwili tu si namba yako, endelea na inayofuata. Ukiipata, iandike kwenye kipande cha plasta na uibandike ndani ya kifuniko cha betri, kwa kuwa baadhi ya rimoti husahau kila kitu betri zinapotolewa.

Njia ya pili ni ya kutafuta. Rimoti huelekezwa kwenye televisheni, hushikiliwa kitufe kilichotajwa kwenye maelekezo, nayo hujaribu mpangilio mmoja baada ya mwingine yenyewe. Hapa subira na wepesi vinahitajika pamoja: inaweza kuchukua dakika kadhaa, lakini mara tu televisheni inapojibu kwa kuzimika au kuonyesha sauti, kitufe kiachwe mara hiyo. Ukichelewa, rimoti hupita mbele na itakubidi uanze upya.

Njia ya tatu ni ya kunakili, nayo yahitaji rimoti ya zamani iwe bado hai. Rimoti mbili huwekwa pua kwa pua, sentimita chache tu kati yao, kisha mpya hufundishwa kitufe kimoja kimoja. Rimoti nyingi za ving'amuzi zina vitufe vichache vya namna hiyo, vilivyotengwa kwa ajili ya kuwasha televisheni na kuongeza sauti. Tunashauri kazi hii ifanywe leo, wakati rimoti zote mbili ni nzima. Ukimaliza, rimoti moja itatosha, na ile nyingine iwekwe kabatini.

Televisheni janja zina habari yake. Rimoti zake nyingi huzungumza kwa bluutuuthi, yaani kwa mawimbi ya redio na si kwa mwanga, ingawa kitufe cha kuwashia mara nyingi hubaki kuwa cha infraredi. Jaribio la kamera kwa hiyo halitoi hukumu kamili hapa. Rimoti ikiacha kutii, toa betri, bonyeza kitufe chochote kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki ndani umalizike, zirudishe, kisha iunganishe upya kwa kushikilia vitufe viwili vilivyotajwa kwenye maelekezo ukiwa karibu na televisheni. Simu nayo yaweza kuwa rimoti ya televisheni janja, mradi zote mbili ziko kwenye waifai moja. Simu inayotumia bando lake yenyewe wakati televisheni iko kwenye waifai haitaiona. Na tahadhari moja: programu inayodai kuigeuza simu yoyote kuwa rimoti ya televisheni ya kawaida haiwezi kutimiza ahadi hiyo kama simu haina taa ya infraredi. Baadhi ya simu, kama nyingi za Xiaomi, wanayo. Nyingi nyingine hazina. Programu ya namna hiyo katika simu isiyo na taa huishia kukuonyesha matangazo.

Kuhusu viyoyozi neno moja tu. Rimoti ya kiyoyozi, kila inapobonyezwa, hutuma mipangilio yote kwa pamoja: nyuzi joto, kasi ya feni na aina ya kazi. Kwa hiyo soma kioo chake kabla ya kumwita fundi wa gesi. Alama ya theluji ni kupoza, alama ya jua ni kupasha joto, na kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam ile ya pili haina kazi yoyote isipokuwa kuwatia watu jasho ofisini.

Mtu aliye ndani ya simu yako

Zipo programu zinazomwezesha mtu mmoja kuona kioo cha kompyuta au simu ya mwingine na kuiendesha akiwa mji mwingine. AnyDesk na TeamViewer ni mashuhuri miongoni mwake. Programu hizi si haramu. Mafundi wa ofisini huzitumia kila siku, na kijana aliyeko Mwanza huweza kumrekebishia mama yake simu iliyoko Mnazi Mmoja. Utaratibu wake ni rahisi: programu huonyesha namba, aghalabu ya tarakimu 9 au 10, mwenye kifaa humtajia msaidizi namba hiyo, ombi hutokea kwenye kioo, akikubali, kioo chake kinaonekana upande wa pili. Kwenye simu za Android msaidizi huweza pia kubonyeza na kuandika, iwapo amepewa ruhusa ya ufikivu, ile iliyowekwa kwa ajili ya kuwasaidia watu wenye ulemavu.

Sasa tuchukue mfano. Mama mwenye duka la vitenge anapigiwa simu. "Shikamoo mama," sauti inasema, na mama anaitikia marahaba. Kijana ana adabu, anajitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja, na anamwarifu kwamba laini yake ina tatizo na itafungwa jioni. Hamwombi namba ya siri. Kinyume chake, anamwonya asimtajie mtu yeyote. Anamwomba tu apakue programu ya kurekebisha, amsomee namba inayoonekana, na abonyeze kukubali. Kisha anamwambia: "Sasa ingia kwenye menyu ya pesa uangalie kama salio lako lipo salama."

Hapo ndipo penye mtego. Mama anapiga menyu ya nyota na reli kama alivyozoea, anaandika namba yake ya siri, na katika menyu hiyo namba ya siri mara nyingi huonekana wazi kwenye kioo inapoandikwa. Hakumtajia mtu yeyote. Lakini mtu yule anaona kioo chote, na namba ameipata bila kuiomba. Baadhi ya programu za benki huzuia kioo chake kuonwa na programu nyingine; usiitegemee menyu ya nyota na reli kukupa kinga kama hiyo. Na kwa kuwa ujumbe mfupi nao unaonekana, namba za uthibitisho zinazotumwa na benki huingia mikononi mwake palepale.

Tulio wengi tumekwisha kujifunza kuupuuza ujumbe unaosema ile pesa itumwe kwenye namba nyingine. Utapeli huu ni mgumu zaidi kwa sababu umevaa nguo ya msaada. Kipimo chetu ni kimoja: nani amempigia nani? Ukiwa wewe ndiye uliyetafuta msaada, kwa mtu unayemfahamu au kwa namba iliyochapishwa na kampuni yenyewe, programu hizi zaweza kukufaa. Ukiwa umepigiwa, kata simu. Hakuna tatizo la laini linalohitaji mtu aone kioo chako.

Simu yenyewe hukuonya. Android, kabla ya kioo kuanza kuonyeshwa, huandika kwamba programu itaweza kuona kila kitu kinachotokea kwenye kioo. Onyo hilo hupita kwa sekunde chache, na kijana mwenye adabu atakuwa anazungumza wakati huohuo ili usilisome.

Kama umekwisha kuruhusu, usipoteze muda kumgombeza. Zima data na waifai kwanza. Bila intaneti haoni wala habonyezi. Kwa simu nyingine, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako na benki yako uombe akaunti zifungwe kwa muda. Kisha ingia kwenye mipangilio ya simu, ondoa ruhusa ya ufikivu na ya usimamizi wa kifaa iliyopewa programu hiyo, na hapo ndipo uifute. Programu iliyoshika ruhusa ya usimamizi hukataa kufutwa hadi inyang'anywe. Badilisha namba za siri baada ya kuifuta, si kabla, vinginevyo utamwonyesha na mpya. Namba ya tapeli iripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, piga *106# uone kama kuna laini usizozijua zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na uende kituo cha polisi ukapewe namba ya taarifa yako. Kuingia kwenye kifaa cha mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na idhini iliyopatikana kwa hila haimgeuzi mwizi kuwa mgeni.

Duka linaloangaliwa kutoka Guangzhou

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaosafiri kufuata mizigo Guangzhou au Dubai wana haja halali ya kuona kompyuta na kamera za duka wakiwa huko. Kwao matatizo ya kawaida ni ya hali halisi zaidi kuliko ya kitaalamu. Kompyuta iliyoachwa bila kuguswa hulala, na iliyolala haipatikani. Ipangiwe isilale inapokuwa kwenye umeme. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta nyingi hubaki zimezimwa hadi mtu azibonyeze. Bando likiisha, kila kitu huonekana kama kimeharibika. Kabla ya safari, jaribu kuunganisha ukiwa nyumbani usiku, kwa intaneti tofauti na ya dukani. Jaribio lililofanywa ndani ya duka lenyewe halithibitishi chochote.

Nenosiri la kudumu, lile linaloruhusu kuingia bila mtu wa kukubali upande wa pili, liwe refu na lisifanane na lingine. Na kamera zilizofungwa na fundi zina jambo ambalo wengi hawaliulizi: fundi aliyezifunga huondoka na nenosiri kichwani au kwenye simu yake. Siku ya kukabidhiwa kazi, likiwa ni neno la kiwandani kama admin au 123456, au ni neno alilolichagua yeye, libadilishe yeye akiwa bado yupo, kisha umwombe ajaribu kuingia. Asipoweza, mlipe. Fundi mwaminifu hataona vibaya. Tena picha za wateja wako ni taarifa zao binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakutaka uzilinde.

Haki yako dukani

Rimoti ijaribiwe kwa kamera ya simu hapohapo mezani, kwa betri za muuzaji, kabla ya kulipa. Mwambie muuzaji waziwazi ni ya televisheni ya toleo gani, na uombe liandikwe kwenye risiti ya EFD. Maneno hayo yana uzito, kwani chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa muuzaji aliyeelezwa matumizi unayoyakusudia, nawe ukategemea ujuzi wake, huwajibika bidhaa isipofaa kwa matumizi hayo. Kibandiko cha "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" kisikukatishe tamaa. Mkishindwa kuelewana, malalamiko ya bidhaa bandia au yenye kasoro hupelekwa Tume ya Ushindani. Yanayohusu king'amuzi na huduma ya simu huanza kwa mtoa huduma mwenyewe, na asipoyatatua yapelekwe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Beba risiti, boksi na picha ya lebo.

Zoezi

Jioni ya leo fanya mambo matatu pamoja na watu wa nyumbani. Ijaribuni kila rimoti iliyomo ndani kwa kamera ya simu, mkitenganisha nzima na mbovu. Fungueni orodha ya programu kwenye simu ya mtu mzima kuliko wote hapo nyumbani, mtazame kama kuna programu ya kuongoza simu kwa mbali ambayo hakuna anayekumbuka ilivyoingia. Kisha mmoja wenu ajifanye mpigaji mwenye adabu, aseme shikamoo, na mwingine ajizoeze kukata simu.